Kura Moja ya Chazelottes

Sogeeni karibu, wanangu. Mathurine, liache pazia wazi niuone ukungu, na wewe Gaspard nipe mkono wako, kisha msinikatize, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema mara moja tu.

Nyumba na ng'ombe ni zenu nusu kwa nusu, hayo yako kwa wakili. Ninayowaachia sasa hayajaandikwa popote.

Mnajua nilikuwa meya wa hapa Chazelottes. Seneti ya nchi yetu haichaguliwi na kila mtu. Huchaguliwa na wajumbe wa mabaraza, miji ikipeleka wengi na kijiji kama chetu, cha watu thelathini na wanane, kikipeleka mmoja. Jumapili ile ya Septemba, miaka thelathini na moja iliyopita, mmoja huyo nilikuwa mimi, na mgombea alikuwa shemeji yangu Firmin, baba yenu mdogo, ambaye nilimwahidi kura yangu mbele ya marehemu baba yenu.

Tuliondoka asubuhi kwa gari la Firmin. Ukungu ulikuwa umeimeza milima yote, mnara wa kanisa ukaelea peke yake, na mimi nilikuwa kama mtu anayesafiri usingizini. Firmin akasema, "Shemeji, nikishafika Paris, cha kwanza ni kuvifuta vijiji hivi na kuviunganisha na mji. Watu thelathini na wanane, meya wa nini? Kichekesho!"

Nikamuuliza, "Na hao watu watasemewa na nani?"

"Na mimi, nani mwingine!" Akacheka mpaka gari likayumba.

Nikaingia kwenye kibanda cha kupigia kura nikiwa na bahasha na karatasi mbili, kila moja na jina la mgombea mmoja. Niliwaona watu wetu wote humo ndani, walio hai na walio makaburini, wamesimama wakinitazama mikono. Nikatia bahashani karatasi ya yule mgombea mwingine. Ya Firmin niliikunja, ikanidondoka, wala sikuinama kuiokota.

Aliyeingia nyuma yangu alikuwa Anselme Portal, meya wa kijiji cha juu. Alipotoka aliniangalia, akatia mkono mfukoni, akasema, "Ukungu unaondoka, Léontine." Basi.

Firmin alishindwa kwa kura moja. Alisimama katikati ya ukumbi akapiga kelele, "Ni Portal! Amekula mezani kwangu jana, leo amenigeuka!" Kila mtu akaamini, kwa kuwa wawili hao waliwahi kugombana juu ya chemchemi. Anselme alikuwa nayo mfukoni ile karatasi ya Firmin niliyoiangusha kibandani. Angeitoa, angeniumbua mbele ya mkoa mzima. Hakuitoa.

Gaspard, usiuvute mkono. Au uvute, ni haki yako. Wewe na Isaure wa Anselme mlikuwa mmeshachumbiana, na baba yako akaapa kwamba binti wa msaliti haingii hapa. Nilikuona ukikaa ghalani siku tatu bila kula. Neno langu moja lingetosha, nami nikanyamaza, Isaure akaolewa Lyon, wewe ukazeeka na ng'ombe. Kura siijutii, hata leo ningeipiga vile vile. Kimya ndicho kinachoniua.

Sasa shikeni haya. Mathurine, kabla sijazikwa mwambie baba yako mdogo Firmin kuwa ni mimi, na akitukana mwache atukane. Malisho ya kando ya kijito mpeni Anselme. Akikataa, waacheni ng'ombe wake walishe huko hivyo hivyo. Kwake aende Gaspard mwenyewe, avue kofia, amwombe radhi kwa jina langu. Isaure amerudi tangu majira ya baridi, mjane, anamuuguza baba yake. Yeye ndiye atakayefungua mlango.

Mungu awatunze... awape mikate mezani na watu wa kula nao... Mathurine, niinue kidogo. Mkono huu ni wako? Gaspard yuko wapi?

Ametoka?

Ngoja... nalisikia gari. Linapanda juu, kwa Anselme. Usimwite, mwanangu. Baraka yake... mpe wewe, akirudi.