Ta Datius Rwegasira, Mchekeshaji Aliyefungwa Mdomo

Marehemu Datius Rwegasira alizaliwa Kanazi tarehe 14 Mei 1931, mtoto wa Mzee Karugendo na Mama Kokwijuka. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Huko alijifunza kuiga sauti za walimu, akachapwa, akaendelea.

Alilima kahawa na migomba, lakini kilichompa jina ni kuchekesha. Hakuwa mropokaji. Kabla ya arusi alizunguka kwa majirani kusikiliza habari za ukoo. Akisimama, alinyamaza kwanza mpaka watu waanze kucheka wenyewe. "Maskini na mfiwa hawachekwi," alituambia wadogo zake. Malipo yalikuwa mkungu wa ndizi na lubisi, pombe yetu ya ndizi. Baada ya Uhuru, baa za Miembeni zikaanza kutoza kiingilio, naye akalipwa fedha. Bati la nyumba hii lilitokana na kazi hiyo.

Mwaka 1958 alifunga ndoa na Benigna, wakajaliwa watoto watano.

Ikaja mikutano ya ujamaa. Viongozi wakaona kwamba Datius akitangazwa, uwanja hujaa. Wakamzungusha Muleba nzima bila posho. "Ni kujitolea kwa taifa," walimwambia, huku wao wakila mbuzi nyuma ya jukwaa. Alikwenda, kwa maana aliuamini ujamaa kwa dhati.

Agosti 1974 afisa mmoja alihutubia kwamba jembe ni silaha. Datius akapanda jukwaani: "Ndugu zangu, sasa nimeelewa kwa nini mheshimiwa hana jembe. Ni mtu wa amani."

Watu walicheka wakashika mbavu. Jioni alikamatwa. Alipotoka rumande, alipigwa marufuku kuchekesha popote wilayani. Baa zikamfungia mlango, wenye arusi wakamkwepa njiani.

Mkewe alimsihi, "Baba Mujuni, kaombe radhi."

Akajibu, "Niombe radhi ya nini? Waliocheka ni wao."

Rumande ilimwachia ugonjwa wa kifua. Alitibiwa Bukoba bila nafuu, akafariki hapa nyumbani tarehe 9 Machi 1976.

Asubuhi hii tumeombwa kumpa afisa yule nafasi ya kutoa rambirambi. Tumekataa. Nanyi mliocheka siku ile, kesho yake mkajifanya hamumjui, mmesikia.

Ameacha mjane, Ma Benigna. Watoto Mujuni, Immakulata, Kamugisha, Benadetha na Lwakatare. Na mimi dada yake, Joviana, ninayesoma haya.

Ee Bwana, umpe kaka yetu pumziko la amani. Sisi tuliobaki, utupe ujasiri.