Watani Hawafungi Mlango

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei, mhadhiri alimwita mwanafunzi wake, Sabaha, ofisini, akafunga mlango, akamshika kiuno. Sabaha akaripoti kwa uongozi wa chuo. Wiki tatu baadaye, ndani ya Noah ya abiria iliyotoka Nachingwea, alikuwa akimsimulia abiria wa pembeni yake, Mzee Yasini, mgane ambaye hakumwamini mkubwa yeyote.

"Kamati ya chuo imesema ulikuwa utani tu, babu. Eti yeye Mngoni, mimi Mmwera, makabila yetu ni watani."

"Utani!" Mzee akaguna. "Mke wangu alipofariki, watani zangu Wangoni waliingia kaburini wakalala, wakagoma kutoka mpaka niwape jogoo. Nikacheka huku nalia. Lakini umati mzima ulikuwepo, mjukuu wangu. Mtani gani anatania kafunga mlango? Wakubwa hao wanajua, wanalindana tu. Kata rufaa!" Alisema hivyo kwa ujasiri wa mtu asiye na mtihani.

Gari likasimama stendi ya Ruangwa. Sabaha akavuta begi lake.

"Fomu ya rufaa ninayo, babu. Ila mwezi ujao nafanya mtihani wa somo lake. Atausahihisha nani?"