Nukta Nyeupe za Philomena Critch

Bi Philomena Critch anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha picha za setilaiti cha kampuni yetu hapa St. John's. Wameniomba mimi niandike katika jarida letu. Kalamu si kazi yangu, lakini nani mwingine amevuta milima ya barafu mia mbili na kumi kwa kamba ya meli, isigonge majukwaa ya mafuta baharini?

Alianza enzi za picha za karatasi, zikitoka na joto la mashine. Rada ya setilaiti haijali ukungu. Bahari ilitoka nyeusi, meli nukta nyeupe, barafu nayo nukta nyeupe. Wenye shahada zao walipima mng'ao. Philomena alipima, kisha akawapigia simu wake za wavuvi wa vijiji vya pwani, kuanzia Bay Bulls mpaka Trepassey: "Mumeo yuko wapi leo, mpenzi?" Nukta isiyo na mke ilikuwa barafu.

Jumapili moja ya Juni akaniita redioni. Kuna nukta inaelekea jukwaa la mafuta. Pale walikuwepo watu themanini na wanne, na binti yangu Bernadette ndiye mpishi wao. Rada ya meli yangu ilionyesha fujo ya mawimbi tu. Nikamwambia hiyo ni boti ya shemeji yangu Gus, huvua kaa palepale kila mwaka.

"Gus yuko mezani kwake, Nahodha, anakula kabichi na nyama ya chumvi. Nimemsikia akitafuna."

"Nilianza bahari kabla hujazaliwa, binti."

"Ndiyo maana umechoka. Nenda, mpenzi. Ikiwa boti, nitakufulia soksi mwaka mzima."

Nikaenda, nimenuna. Tukaukuta mlima wa barafu ukunguni: mfupi, laini, mawimbi yakiupanda mgongoni, mpana kuliko kanisa. Ulikuwa umebakiza mwendo wa saa tano kufika jukwaani. Kamba iliteleza mara mbili, ya tatu ikashika. Tukauvuta, ukapita maili moja kutoka jikoni kwa Bernadette.

Siku hizi meli zinajitaja zenyewe kwa mtambo. Hakuna anayeuliza mume wa mtu yuko wapi, na chumba kile kimepoa.

Tangu Jumapili ile nimesimulia katika kila baa ya mji huu kwamba mlima ule niliuona mimi, kwa macho yangu. Mara nyingi Philomena alikuwa meza ya pili, ananisikia, anakunywa zake. Hakunisahihisha hata siku moja.

Basi iandikwe humu jaridani, Bernadette naye asome: aliyeuona ni Philomena Critch. Mimi nilikuwa nabisha. Kamba ilikuwa yangu, hilo simwachii mtu.

Ahsante, Philomena. Bandari nzima inakuombea miaka mingi ya afya na raha.