Neno Hurudishwa Ijumaa: Kwaheri Mwalimu Zamda

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mwalimu Zamda Sharifu anastaafu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha Kiingereza, yote hapa Simiyu: kwanza Lalago, kisha shuleni kwetu Bariadi. Tumejaribu kumfikiria akiwa nyumbani asubuhi bila chaki mkononi, tukashindwa.

Mwalimu Zamda ni mtoto wa dukani. Baba yake aliuza vitenge sokoni, naye amerithi tabia ya kutokubali mteja aondoke mikono mitupu. Wateja wake ni watoto wa kidato cha kwanza, waliosoma msingi kwa Kiswahili, kisha ghafla kila somo likageuka Kiingereza. Kinachowatesa zaidi ni maneno yanayoanza pamoja na kuishia mbalimbali: "give in" ni kusalimu amri, "give away" ni kugawa bure, "give back" ni kurudisha. Basi kila Ijumaa alimkabidhi kila mtoto neno moja la ukoo huo. Wiki nzima mtoto aliitwa kwa neno lake, akimweleza maana yake yeyote aliyeuliza, mpishi na mlinzi wakiwemo. Ijumaa iliyofuata alilirudisha mbele ya darasa, akapewa jingine.

Mwaka 2014 binti wa kidato cha kwanza, Ng'washi Shija, alikabidhiwa "give up", yaani kukata tamaa. Katikati ya wiki neno likaitwa, hakusimama mtu. Kiingereza kilikuwa kimemshinda, amerudi kwao Mwamapalala kuchunga. Walimu wengine tulisikitika, tukaendelea na vipindi. Mwalimu Zamda alipanda bodaboda.

Hakumhubiria mtu. Baada ya salamu alimweleza baba mtu, Mzee Shija, kwamba binti ameondoka na mali ya shule aliyokabidhiwa, na inatakiwa Ijumaa. Mzee Shija hutunza ng'ombe wa watu. Anajua aibu ya kukalia cha kukabidhiwa. "Ng'washi, mali ya mwenzio hailali hapa," alisema. "Kesho unairudisha." Akamleta mwenyewe kwa baiskeli.

Ng'washi alirudisha neno lake, na papo hapo akakabidhiwa jingine. Miaka minne Mwalimu Zamda hakumwacha hata wiki moja bila deni, na likizo ndiyo usiseme. Tulicheka sana kwa ujanja huo, na moyoni tuliuonea fahari.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, Mzee Shija alikuja kuuliza binti yake anadaiwa neno gani tena. Mwalimu akamjibu kuwa hadaiwi kitu, amefaulu. Mzee akaomba maji ya kunywa. Leo Ng'washi ni muuguzi huko Mwanhuzi.

Mwalimu Zamda, ahsante kwa ukaidi wako. Tunakuombea afya, wajukuu wasumbufu na asubuhi zisizo na kengele. Nasi tunaobaki tumeshaelewana: mtoto akikosekana darasani, tutamfuata hadi zizini.