Pompe Ndani ya Kifuko cha Biblia

Ndugu zangu, mwaka jana nilisimama hapa hapa nikawaambia kwamba Mungu ameniponya mapafu. Mlipiga vigelegele. Leo nimerudi kuwaambia kwamba nilisema uongo.

Mnajua kazi yangu ya zamani: kuchoma matofali kule Nyangezi. Moshi ule niliumeza miaka mingi, mapafu yakachakaa. Daktari alinipa pompe, dawa ya kuvuta kwa mdomo. "Papa, ugonjwa hii haitaisha," alisema, "lakini ukivuta kila siku, utapumua muzuri."

Nikaona haya. Mzee wa kanisa anayewawekea wagonjwa mikono, atavutaje dawa mbele ya watu? Nikaificha ndani ya kifuko cha Biblia. Nikipanda mlima kuja hapa pumzi ikakatika, nilisimama nikijifanya nasalimia watu. Mke wangu akanicheka: "Leo unasalimia hata mbuzi?"

Siku ile ya ushuhuda nilikuwa nimevuta pompe nyuma ya kanisa. Ndiyo maana nilisema bila kuhema. Mkadhani ni muujiza, nami nikawaacha.

Nawaambia, kati yenu kulikuwa na maman mwenye ugonjwa kama wangu. Alinisikia, akaenda nyumbani, akatupa pompe yake. Baada ya wiki mbili niliitwa hospitali kumwombea. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, ameinama, mabega yanapanda na kushuka, maneno yanatoka vipande vipande.

"Papa... wewe uliomba namna gani? Mie Mungu... hanisikii. Imani yangu... iko kidogo?"

Nilifungua kifuko nitoe Biblia. Mkono ulikataa. Nikatoa pompe, nikamwonyesha.

Akaitazama sana. "Kumbe na wewe," akasema, akageukia ukuta.

Nawashukuru wauguzi waliompa oksijeni mpaka akatulia. Namshukuru mke wangu, aliyenisikiliza nikilia bila kunitetea. Na wewe maman, uliyepona ukaniambia, "Papa, siku utaambia kanisa yote, ndiyo siku nitakusamehe," asante kwa kuningoja. Sitakutaja.

Ndugu zangu, Mungu hakuomba tumtengenezee miujiza. Hata dawa ni yake. Mwenye pompe asiitupe, wala asiifiche kama mimi.

Pumzi yangu imefika mwisho. Mniwie radhi, nitavuta pompe hapa hapa, mbele yenu.