Maua Yaliyosimama Wima Juu ya Jeneza

Ndugu, majirani na wenzake Baba wa msituni, nasoma haya kwa niaba ya familia, na familia ni mimi Leanne na huyu mwanangu Edie wa miezi saba, kwa hiyo akilia mtanivumilia, na nikisoma mbio mjue ni woga.

Marehemu Desmond Ollerenshaw alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 hapa Sheffield, katika nyumba iliyopakana na msitu wa Cawley Hagg, ambao ulikuwepo kabla mji haujawa mji, akasoma shule ya mtaani hadi 1966, mwaka huohuo akaingia kiwanda cha visu, akanoa visu hadi kiwanda kilipofungwa 1989, ndipo akaajiriwa bustani za manispaa hadi alipostaafu 2016.

Tarehe 14 Juni 1980 alifunga ndoa na mama yangu Maureen, aliyetutangulia 2020, wakangoja mtoto mpaka wakakata tamaa, nami nikazaliwa tarehe 2 Novemba 1996, na sauti ninayoikumbuka ni ya Mama dirishani, we Des, ulinioa mimi au uliuoa huo msitu, na Baba kutoka vichakani, msitu hauniulizi nimechelewa wapi.

Kila Jumamosi aliwaongoza waliojitolea, wakaokota makopo, wakapunguza vichaka ili jua lifike chini, wakapanga matawi makavu kando ya njia ili watu wasikanyage maua ya kengele, yale ya buluu, ila kulikuwa na mtu, na hapa niwieni radhi, mtu aliyekuwa akipanda humo kwa siri kengele za Kihispania, zile za dukani, ambazo huchanganyika na zetu mpaka zetu zinapotea, Baba anazing'oa, mwaka unaofuata zimerudi, akawa anamshuku kila mwenye udongo kuchani, akamshuku mchungaji, akamshuku hata Bi Platts wa duka la pai, aliyemjibu, mwenzangu, mimi hata mnanaa unanifia dirishani, nikapande msitu mzima?

Alinifundisha kuzitofautisha tangu nikiwa mdogo, yetu huinamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesali, inanukia, na chavua yake ni nyeupe, ile nyingine imesimama wima kama askari wa zamu, hainukii, na chavua yake ni ya buluu.

Moyo ulianza kumsumbua 2021, daktari akamkataza kuinama, akasema sawa daktari, na kesho yake akainama.

Tarehe 23 Aprili 2024, asubuhi, mtu alipiga simu kwa gari la wagonjwa akitumia simu ya Baba, akaeleza sawasawa alipolala, akaulizwa jina, akakata, na walipofika walimkuta Baba ameshafariki, kofia yake imekunjwa chini ya kichwa, na kando yake kuna shimo dogo bichi na kengele za Kihispania zenye udongo kwenye mizizi, polisi wakasema ni moyo tu, hakuna jinai, nami naamini ni moyo, lakini tangu siku hiyo nikisukuma kigari cha Edie msituni, tawi likivunjika nyuma yangu nageuka, nikiamkiwa na jirani natazama kucha zake kwanza.

Na leo, kabla sijasimama hapa, nimekuta juu ya jeneza shada lisilo na kadi, nimelinusa, halinukii, limesimama wima, na kidole changu hiki kina chavua ya buluu, kwa hiyo uliyekuwa naye asubuhi ile umo humu ndani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa moyo, wahudumu wa gari la wagonjwa, majirani wa mtaa wetu, wenzake wa bustani na wa Jumamosi, na wewe pia nakushukuru, kwa simu na kwa ile kofia.

Sitaki kujua kwa nini ulipanda, labda uliona maua yanapungua ukadhani unasaidia, sitaki polisi, sitaki hata jina, nataka kujua kama mligombana, na alisema nini mwishoni, maana ni wewe tu uliyesikia, kesho Jumamosi nitakuwa langoni na Edie na sepetu mbili, moja ni yako, tutang'oa huku unanisimulia.

Maua yako sijayaondoa, leo mwili wa Baba unachomwa badala ya kuzikwa, nayo yanaingia motoni pamoja naye, angejua angecheka mpaka akakohoa.

Haya Baba, pumzika sasa, usiiname tena, tutainama sisi.