Jiko la Juu

Sogeeni wanangu. Adelma, keti hapa kitandani, kando ya jiko hili la juu, upande wa mkono wangu ulio mzima. Nawe Loris, simama hapo hapo mlangoni kama ndivyo upendavyo, sikulazimishi uvue koti wala viatu, maana una miaka minne hujakanyaga nyumba hii na kuja kwako tu leo kumenitosha. Nisikilizeni pumzi ingali inanitii. Jana daktari alimwambia Adelma yale aliyomwambia akidhani nimelala, nami sina ugomvi naye, miaka themanini na sita si haba. Lakini kuna neno limenikaa kooni tangu mama yenu afe, na sitaki kuzikwa nalo.

Nianze na vitu, kwa sababu vitu ni vyepesi. Nyumba hii ni yenu nyote wawili, sawa kwa sawa, na karatasi ziko kwa mwanasheria. Adelma achukue mashine ya kusagia nyanya na mapipa ya divai, kwani Loris hajui divai, hunywa chochote kilicho kwenye glasi. Loris achukue mashine yangu ya kung'arishia sakafu na ndoo za vijiwe vya marumaru, akitaka aviuze, akitaka avitupe. Mtini wa nyuma ya nyumba muulaze chini kila Novemba kabla ardhi haijaganda, baridi isiuue, mkate mizizi ya upande mmoja tu, muuinamishe taratibu, muufunike kwa mbao na majani na udongo, kisha Aprili muusimamishe. Watu wa mji huu wa Hamilton watawacheka kwamba mnazika mti ungali hai. Waacheni wacheke, Agosti watakuja na bakuli.

Hayo yamekwisha. Sasa sikieni la nyumba.

Mnajua mimi ni fundi wa terazo, sakafu za vijiwe vya marumaru na saruji, kama baba yangu na babu yangu kule kwetu Friuli, ng'ambo ya bahari, na nilipokuja nchi hii nikiwa kijana nilimwaga sakafu za benki, za shule, za hospitali tatu, watu wamezikanyaga miaka hamsini na hazijapata hata ufa. Lakini kinyozi hajinyoi. Sisi tulikuwa na sakafu ya mbao inayolia kila ukipita, na mama yenu alikuwa akiniambia, Ottavio, kwa watu unaweka marumaru, kwangu unaweka kelele. Basi mwaka themanini na nane, Loris alikuwa na miaka ishirini na moja, Adelma kumi na saba, nikaapa kumtengenezea jiko ambalo hata mke wa waziri hana. Nikang'oa kila kitu huku juu. Nikamwambia Norina ashushe sufuria zake kwenye jiko la chini, kule chini ya ardhi, kwa majira mamoja tu ya baridi.

Majira mamoja. Yakawa thelathini na moja.

Sikuwa mvivu, hilo hakuna atakayenisingizia. Kila Jumamosi nilikuwa nimepiga magoti hapa. Sakafu ya kwanza niliivunja kwa sababu mfuko mmoja wa vijiwe ulitofautiana rangi na mingine, tofauti ambayo hakuna aliyeiona ila mimi. Ya pili ilipata ufa mwembamba kama unywele chini ya dirisha. Ya tatu, Mungu anisamehe, haikuwa na kosa lolote. Niliivunja kwa sababu nilikuwa nimemaliza nyumba ya daktari mmoja kule Toronto, nikamwekea pindo la shaba na mawe mekundu, nikaionea wivu kazi ya mkono wangu mwenyewe. Na kila nilipovunja, vumbi likatanda nyumba nzima, na mama yenu akafuta, akashuka zake chini kupika.

Msiniambie kwamba kila nyumba ya watu wetu ina majiko mawili. Najua. Kila mmoja wetu ana jiko la juu la kuonyesha wageni, limefunikwa nailoni, na jiko la chini la kuishi. Tulikuja na sanduku moja moja, tukadhani kitu kizuri ni cha kutunzwa, si cha kutumiwa. Binamu yangu Elvio ana tanuri halijawahi kupata joto tangu alinunue, analifungua kwa wageni kama anawaonyesha mtoto mchanga. Lakini mke wa Elvio hakutaka kupika juu. Norina alitaka. Alikuwa akiniuliza tutahamia juu lini, namjibu likikamilika, subira yavuta heri. Naye ananijibu, ngoja ngoja huumiza matumbo. Tukicheka wote wawili. Miaka ya mwanzo tulicheka.

Kisha magoti yake yakaharibika. Ngazi zile ni kumi na tatu. Nilikuwa namsikia akizishuka kwa makalio, ngazi moja, anapumzika, ngazi nyingine, kama mtoto anayejifunza, naye mwanamke wa miaka sabini na saba, na mimi niko hapa juu nasugua kona. Nilimsikia, wanangu. Sitasema sikumsikia.

Loris, hapa ndipo panapokuhusu, usitazame nje.

Ulikuwa mwezi wa Februari, nimekwenda kununua nta ya kupaka sakafu. Ukaja, ukamkuta mama yako ameketi katikati ya ngazi, hapandi wala hashuki. Ukambeba. Ukamleta hapa juu, ukavuta maboksi niliyotandika kulinda sakafu, ukaunganisha jiko la gesi, ukampa kiti, ukamwambia, pika mama. Akaanza kukaanga vitunguu vya kulia soseji na ugali wetu wa mahindi. Nikarudi nikakuta mafuta yanaruka juu ya marumaru ambayo bado haijanywa nta. Nami nikafanya nini? Nikazima gesi. Sikumsalimu hata mama yako. Nikachukua kikaango na vitunguu vyake vingali vinalia, nikakishusha chini, nikarudi na kitambaa, nikapiga magoti mbele ya miguu yake nikaanza kufuta.

Ukaniambia, "Baba, sakafu unaipenda kuliko mama."

Nami nikakuambia, "Toka nyumbani kwangu."

Ukatoka. Na ulikuwa umesema kweli, ndiyo maana nilikufukuza. Ungesema uongo ningekucheka.

Kuna jambo hulijui, na Adelma pia halijui. Ulipoondoka nilitegemea mama yenu anigombeze. Hakugomba. Aliniambia tu, "Usimseme vibaya mtoto. Nimepika dakika tano, nimeona theluji juu ya miti. Kule chini, Ottavio, miaka yote hii nimekuwa nikiona viatu vya watu." Maana lile dirisha la chini liko usawa wa njia, nalo ndilo nililompa. Nilipaswa kwenda kwenye simu nikupigie saa ile ile. Sikwenda. Nikamwambia, bado wiki mbili, mama, wiki mbili tu nta ikauke. Mwezi wa Mei tukamzika.

Na si hilo tu. Kwenye klabu yetu, watu waliponiuliza mbona Loris haonekani, niliwaambia mwanangu amenivunjia heshima na ameniharibia kazi. Wakanipa pole. Nikazipokea zile pole, nikanywa na divai juu yake. Adelma, nikishaondoka nenda kwenye klabu siku ya Jumapili wakiwa wamejaa, uwaambie Ottavio alidanganya. Usiwapambie maneno.

Nipe maji kidogo. Asante binti yangu.

Mnaona pale mbele ya jiko, kile kipande kitupu, mraba mdogo usiozidi sahani? Ndicho pekee kilichobaki cha sakafu hii ya nne. Ningekimaliza kwa asubuhi moja. Nimewaambia watu ni mgongo, ni macho. Si mgongo. Niliogopa. Niliona nikikimaliza, nyumba itakuwa imekamilika, na ile siku niliyomwahidi itakuwa imefika, nami nitamketisha nani? Kwa hiyo miaka minne nimekula chini, peke yangu, natazama viatu.

Loris. Desturi ni kwamba mzazi ndiye mwenye radhi, mtoto huja kuiomba kabla mzee hajafumba macho. Leo ni kinyume. Mimi ndiye nakuomba wewe. Nilikukosea mbele ya mama yako, nikakukosea nyuma yako, na maji yaliyomwagika hayazoleki, lakini naomba. Ukininyima sitalalamika. Usinijibu sasa kwa huruma ya mgonjwa, huruma hiyo naipata kwa wauguzi.

Ngojeni... hapana, nimechoka kidogo tu. Nimalize.

Kile kipande msimwite fundi. Mkorogee saruji ya kawaida, ile ya kijivu ya njiani, mkijaze. Wakija watu wa kazi yangu watauliza ni mjinga gani alifanya vile. Waambieni mjinga alifanya kile kingine chote. Nyumba mkitaka kuuza, uzeni, sitaki iwe kaburi langu, kaburi ninalo tayari ubavuni kwa mama yenu. Ila kabla ya kuuza, pikeni hapa juu. Jiko la chini lifungeni. Na watoto wenu wakitaka kuingia na viatu... waingie.

Adelma, nani huyo anatembea? Ni yeye? Ameingia na buti zake? Vizuri. Mwambie asivue.

Hiyo ni gesi. Naisikia. Nani amemwambia awashe, sijamwambia awashe... Loris, vitunguu viko... ah, dada yako ameshakupa. Mnajua kukata? Kateni vyembamba. Mama yenu alikata vyembamba.

Sogea, Adelma, sauti haifiki. Nipe kichwa chako. Na cha kaka yako, mwite aje na mikono yake ile ile ya vitunguu, sijali. Mungu awalinde wanangu. Awape magoti mazima. Awape watu wa kuwagombeza wakati bado kuna... wakati. Msinyamaziane tena miaka. Radhi yangu mnayo, yote, hakuna niliyoibakiza.

Harufu yake. Ndiyo hiyo.

Haya, nendeni mezani, mimi nitalala kidogo. Msinisubiri. Kuleni kikiwa cha moto.